Tarumbeta la Alexandra na Ngoma za Accra

Mtu akitajiwa muziki wa Afrika ya Magharibi na safari zake za kwenda kupigwa mbele ya hadhira za Marekani, fikira yake huelekea upesi Lagos na Accra, Conakry na Dakar, na ni nadra kabisa ikageuka kusini hata ikafika Johannesburg, mji ambao watu wa pwani yetu waliuzoea zaidi kwa habari za dhahabu na za dhuluma kuliko kwa habari za ngoma. Walakini katika sura mojawapo iliyo bora ya historia hiyo, mwenye kushika tarumbeta mbele ya wapiga ngoma wa Ghana, akafuatana nao katika majukwaa ya Marekani, alikuwa mtu aliyepitisha sehemu ya utoto wake katika mtaa wa Alexandra, kaskazini ya Johannesburg. Naye ni Hugh Masekela. Ni rahisi kuichukulia safari yake ya kwenda Ghana kuwa ni tukio la bahati, kama la msafiri aliyepotea njia akakuta kisima. Mimi naona vingine. Naona kwamba Alexandra ilikwisha kumfundisha kuishi ndani ya ngoma za watu wengine tangu alipokuwa mtoto, na kwamba alipofika Accra akiwa mtu mzima alikuwa anaendelea na somo aliloanzishiwa katika vichochoro vya mtaa ule.

Basi hapana budi tuujue kwanza mtaa wenyewe. Alexandra ilianzishwa mwaka 1912 katika ardhi ya tajiri mmoja aliyeitwa Papenfus, ambaye aliipa jina la mkewe, na kwa kuwa ilitangazwa mwaka mmoja kabla ya ile sheria ya ardhi ya 1913 iliyowanyima Waafrika haki ya kununua mashamba katika sehemu kubwa ya nchi yao, ilibaki kuwa mojawapo ya mahali pachache mno ambapo Mwafrika aliweza kumiliki kiwanja kwa hati iliyo na jina lake. Wenye viwanja walijenga nyumba zao mbele, na nyuma ya nyumba, kuuzunguka ua, wakajenga vyumba vidogo vidogo vya kupangisha, hata ikawa ua mmoja una familia nyingi zinazogawana bomba moja la maji. Mto Jukskei unapita kando. Taa za umeme hazikuwapo kwa miaka mingi, na kwa sababu hiyo watu waliuita mtaa huo Mji wa Giza. Nelson Mandela alipofika Johannesburg kwa mara ya kwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1940, alipanga chumba humo, na baadaye alitembea kwa miguu pamoja na maelfu ya watu wa humo waliosusia mabasi kwa sababu ya kupanda kwa nauli. Mgomo mwingine wa namna hiyo ulitokea mwaka 1957, nauli ilipotoka peni nne ikawa peni tano, na watu wakapendelea kutembea maili tisa hivi kila asubuhi na maili tisa kila jioni, kwa miezi, kuliko kutoa peni moja wasiyoikubali.

Katika nyua hizo walikaa Wazulu na Wapedi, Watswana na Watsonga, Wasotho na Waxhosa, na wageni waliotoka Msumbiji na Nyasaland ya wakati ule kuja kutafuta kazi. Kila kabila lilikuja na ngoma yake, na kwa kuwa kuta zilikuwa nyembamba na ua ulikuwa mmoja, hapana ngoma iliyoweza kubaki siri ya wenyewe. Jumamosi jioni mwenye chumba alipiga muziki wa marabi kwa kinanda kilichochakaa ili watu wanunue pombe. Jumapili waumini wa makanisa ya Kizayuni walipita na mavazi yao meupe wakipiga ngoma kubwa. Harusi zilitanguliwa na bendi za matarumbeta. Na wafanyakazi wa migodini na wa majumbani, waliokuwa na siku moja tu ya mapumziko, walicheza ngoma za makwao uwanjani huku watoto wa makabila yote wakitazama. Mtoto aliyekulia hapo hakuweza kusema kwa hakika ni mahadhi gani yaliyo ya kwao na yapi ya jirani. Aliyajua yote kwa masikio kabla hajayajua kwa majina. Tena juu ya hayo yote palikuwa na santuri na filamu kutoka Marekani, na majina ya Louis Armstrong, Count Basie na Ella Fitzgerald yalitajwa humo kwa mapenzi yale yale waliyopewa wachezaji mashuhuri wa mpira.

Kutokana na mchanganyiko huo palizaliwa muziki wa kwela, na inafaa nieleze jinsi ulivyopigwa, maana ni mfano mzuri wa ustadi uliotengenezwa bila mali. Chombo chake ni filimbi ya bati yenye matundu sita, iliyotengenezwa Ulaya iwe kitu cha watoto na kuuzwa kwa bei ya chini kabisa. Filimbi hiyo ikipuliziwa kama ilivyokusudiwa na walioitengeneza, hutoa sauti nyembamba isiyo na mwili. Vijana wa Alexandra na wa mitaa mingine waligundua kwamba mpigaji akiigeuza filimbi pembeni mwa kinywa, akaisukuma ndani kidogo na kuinamisha kichwa, pumzi huingia kwa namna nyingine, sauti ikanenepa, na noti ikaweza kupindwa kama mpigaji wa saksafoni anavyoipinda yake. Vijana watatu au wanne wenye filimbi, na mmoja mwenye gitaa, walisimama kwenye kona za barabara za mjini wakawapigia wapita njia mapigo ya swing ya Kimarekani yaliyovikwa mahadhi ya kwao, na gari la polisi lilipotokea filimbi zilitoweka ndani ya makoti.

Aaron Lerole wa Alexandra alikuwa bingwa katika fani hiyo. Yeye na nduguye Elias, pamoja na wenzao, walirekodi wimbo wa “Tom Hark”, ambao huanza kwa maigizo mafupi ya vijana wanaocheza kamari barabarani na polisi wanaowatokea, na mwaka 1958 santuri hiyo ilipanda hata nafasi ya pili katika orodha ya nyimbo zilizouzwa zaidi Uingereza. Jina lililoandikwa kuwa la mtunzi lilikuwa la Rupert Bopape, mtayarishaji wa kampuni ya santuri, na vijana waliopuliza filimbi hawakuona sehemu yao ya haki katika faida iliyopatikana. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu litarudi kwa sura nyingine huko mbele, na kwa sababu kwangu mimi haliwezi kuwa habari ndogo. Muziki huo ulifika pia kwetu: santuri za kwela ziliuzwa Nairobi, na mtu akizisikiliza kwa makini nyimbo za twisti zilizopendwa Kenya katika miaka ya 1960, kama zile za Daudi Kabaka, atazitambua nyayo za Johannesburg ndani ya gitaa lake.

Hugh Masekela alizaliwa tarehe 4 Aprili 1939 huko Witbank, mji wa migodi ya makaa ya mawe, akalelewa kwanza na bibi yake, kisha wazazi wake, baba aliyekuwa mkaguzi wa afya na mama aliyekuwa mtumishi wa ustawi wa jamii, wakaja kukaa naye Alexandra. Alifundishwa piano tangu utotoni. Alipokuwa mwanafunzi wa bweni katika shule ya Mtakatifu Petro, Rosettenville, aliona filamu ya Kimarekani iliyosimulia maisha ya mpiga tarumbeta, akatamani chombo hicho kwa shauku iliyomsumbua, na padri Trevor Huddleston, aliyekuwa mlezi wa shule na adui mkubwa wa ubaguzi, akamnunulia tarumbeta kwa matumaini kwamba litamtuliza. Halikumtuliza, lilimfungulia njia, na wenzake nao wakataka vyombo, hata shule ikawa na bendi. Huddleston alipoondoshwa Afrika Kusini na kufika Marekani, alimweleza Louis Armstrong habari za vijana wale, na Armstrong akatoa mojawapo ya matarumbeta yake lipelekewe bendi hiyo. Ilikuwa mwaka 1956. Katika mwezi wa Mei wa mwaka huo huo Armstrong alifika Accra, nchi ikiitwa bado Gold Coast, akapokewa uwanja wa ndege na wapiga muziki wa highlife, akapiga pamoja na E. T. Mensah aliyekuwa mfalme wa muziki huo. Kwa hiyo pumzi ya mtu mmoja ilifika Accra na Johannesburg katika mwaka mmoja, miaka kumi na saba kabla ya miji hiyo miwili kukutana katika santuri moja.

Baada ya mauaji ya Sharpeville ya tarehe 21 Machi 1960, ambayo yalifuatwa na hali ya hatari na kupigwa marufuku kwa vyama vya siasa, Masekela aliondoka nchini mwake akiwa na umri wa miaka ishirini na moja. Alipita London, akafika New York, akaingia chuo cha muziki cha Manhattan kwa msaada wa mwimbaji Harry Belafonte na wa Mwafrika Kusini mwenzake, mwimbaji Miriam Makeba, ambaye baadaye alimwoa na kisha wakaachana. Alikwenda kwa nia ya kuwa mpiga jazi kama wale aliowahusudu kwenye santuri. Lakini wakubwa wa jazi aliowakuta huko, Miles Davis akiwa mmoja wao, walimpa nasaha ambayo ilimwia chungu mwanzoni: kwamba Marekani imejaa wapiga tarumbeta wa jazi, na kwamba akitaka kusikika aweke ndani ya muziki wake kile ambacho wao hawanacho, yaani nchi yake. Makeba alikwisha kulijua hilo. Yeye aliimba Kixhosa na Kizulu mbele ya Wamarekani, na katika santuri aliyoimba pamoja na Belafonte mwaka 1965 aliingiza na “Malaika” yetu, wimbo uliokwisha kujulikana Afrika ya Mashariki kwa sauti ya Fadhili William, akawaimbia watu wasiojua hata neno moja la Kiswahili, nao wakaupenda.

Masekela aliifuata nasaha, akapiga katika tamasha kubwa la Monterey mwaka 1967, na Julai 1968 wimbo wake “Grazing in the Grass”, ambao lahani yake ilitungwa na Philemon Hou, Mwafrika Kusini mwenzake, ulifika nafasi ya kwanza Marekani nzima. Mtu mwingine angelidhani amekwisha fika. Yeye alijikuta na mashaka. Wimbo uliomtajirisha ulikuwa mwepesi na mfupi. Hadhira ikautaka huo huo kila usiku. Na nchini mwake hakuruhusiwa kurudi. Mpiga muziki aliye uhamishoni ana taabu ambayo aliye kwao haijui, nayo ni kwamba chemchemi ya mahadhi yake iko ng’ambo ya mpaka asioweza kuuvuka, na kila mwaka unaopita kumbukumbu hupungua ladha. Masekela aliihitaji Afrika iliyo hai, inayopiga ngoma usiku ule ule anaousikiliza, na maadamu Afrika Kusini ilimfungia mlango, ilimbidi aitafute pengine.

Hadhira ya Marekani, kwa upande wake, ilikwisha kuandaliwa. Babatunde Olatunji wa Nigeria, aliyekwenda Marekani mwaka 1950 kusoma katika chuo cha Morehouse, aligundua jinsi wanafunzi wenzake weusi walivyokuwa gizani juu ya Afrika, akaanza kupiga ngoma ili kuwaonyesha. Kisha akapiga katika ukumbi wa Radio City, New York, na santuri yake “Drums of Passion”, iliyotoka mwaka 1960, iliingia katika nyumba nyingi mno za Wamarekani weusi kwa weupe. Kundi la ngoma la Gine lililoanzishwa na Keita Fodéba lilizuru Marekani mwaka 1959. Kisha ukaja mwamko wa Wamarekani weusi, vijana wakavaa kanzu fupi za nakshi, wakafuga nywele zao, wakaitafuta Afrika kwa upendo wa kweli. Lakini upendo huo ulikuwa na hatari yake: waliitaka Afrika iliyo moja, ya kale, isiyobadilika, ilhali Afrika ya Accra na Lagos ya wakati ule ilikuwa na magitaa ya umeme.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Masekela alikwenda Gine, ambako Makeba alikuwa akikaa chini ya ulinzi wa Rais Ahmed Sékou Touré, na kutoka hapo akaanza kuzunguka Afrika ya Magharibi hata akafika Lagos kwa mwanamuziki Fela Kuti. Fela naye alikuwa na kisa chake na Marekani. Mwaka 1969 alikwenda Los Angeles na bendi yake, hakupata fedha wala umaarufu, bali alipata mafunzo ya siasa ya watu weusi, akarudi kwao akiwa mtu mwingine na muziki mwingine. Yeye ndiye aliyemwelekeza mgeni wake kwa kundi moja la Accra liitwalo Hedzoleh Soundz, lililokuwa likipiga katika klabu ya Napoleon ya Faisal Helwani. Wapigaji wa kundi hilo wastahili kutajwa. Stanley Todd alishika gitaa la besi; Jagger Botchway gitaa la nyuzi sita; Nat Hammond alipiga ngoma na filimbi; Isaac Asante alikuwa fundi wa ngoma inayosema; na pamoja nao walikuwapo Samuel Nortey, James Kwaku Morton na Acheampong Welbeck. Walikwenda Lagos mwaka 1973, wakarekodi pamoja na Masekela chini ya usimamizi wa Stewart Levine, rafiki yake tangu siku za chuo cha Manhattan, na santuri ikatolewa Marekani kwa jina la kuwatambulisha wao kwa watu. Kisha wakavuka bahari wenyewe.

Inampasa msomaji ajaribu kuyaona yale waliyoyaona watu wa Marekani jukwaani. Mbele walikaa wapiga ngoma wa Kiga, yaani wa kabila la Ga la Accra, wenye ngoma za mbao zilizochongwa kutoka gogo moja, pana juu na nyembamba chini, ngozi ikishikiliwa na vigingi vya mti vilivyopigiliwa pembeni, na mpigaji akiona sauti imelegea hugonga vigingi kwa nyundo kimoja kimoja hata ngozi ikaze. Kwapani mwa Asante ilikaa ngoma ya kiuno chembamba iliyozungukwa na nyuzi kutoka ngozi ya juu hadi ya chini. Mkono ukiibana, nyuzi hukaza ngozi na sauti hupanda, ukiilegeza hushuka, na kijiti kilichopinda hupiga huku mkono ukibana na kuachia, hata ngoma ikafuata kupanda na kushuka kwa maneno ya lugha yenyewe. Kati yao mmoja hupiga kengele ya chuma kwa pigo lile lile tangu mwanzo wa wimbo hata mwisho. Huyo, ambaye mtazamaji asiyejua humpita kwa macho, ndiye mwenye kushika kamba ya wote. Ngoma zote hupotoka na kurudi kwa kumsikiliza yeye, na wachezaji huhesabu hatua zao kwake hata wasipojua kwamba wanahesabu.

Nyuma ya ngoma hizo lilikuwapo besi la umeme na gitaa, kwa kuwa Hedzoleh walikuwa vijana wa mjini waliozisikia santuri za James Brown kama Wamarekani walivyozisikia. Hapa ndipo ilipo hekima ya jambo zima. Masekela hakujua Kiga. Hakuzaliwa katika mapigo yale. Na lau angalikuwa mtu wa ghururi angaliwaweka Waghana nyuma yake wawe pambo la tarumbeta lake. Niisikilizapo santuri ile ya 1973, nasikia mtu anayengoja. Tarumbeta linanyamaza muda mrefu, likiwaachia waimbaji na ngoma nafasi yao, kisha linaingia pale ambapo katika ngoma ya Kiafrika huingia kiongozi anayeita ili wengine waitike. Wimbo wa “Languta” ni wa Kitsonga, lugha aliyoweza kuisikia kila siku katika nyua za Alexandra, naye ameuweka juu ya mapigo ya Accra bila ya mshono kuonekana. Nani alimfundisha kufanya hivyo? Chuo cha Manhattan hakifundishi. Ni adabu ya mtoto aliyesimama Jumapili pembeni ya uwanja akitazama ngoma isiyo ya kabila lake, akajua wakati wa kupiga makofi na wakati wa kunyamaza.

Katika santuri ya pili waliyoitoa mwaka 1974 umo “Stimela”, wimbo mrefu kuhusu gari moshi la makaa ya mawe linalowakusanya wanaume kutoka nchi jirani na kuwapeleka katika migodi ya Johannesburg, wakaishi katika mabweni mbali na wake na watoto wao. Masekela aliuigiza mluzi wa gari moshi kwa sauti yake mwenyewe na akasimulia shida za wachimbaji kwa maneno mazito. Mtoto wa Witbank na Alexandra aliwajua watu hao. Walikuwa majirani zake. Wimbo huo wenye habari za kusini ulirekodiwa na Waghana, pamoja na Wamarekani weusi Joe Sample kwenye kinanda na Stix Hooper kwenye ngoma. Sijui kazi nyingine ya wakati ule iliyokusanya pande tatu za watu weusi kwa uaminifu kama huo.

Wapo wanaoona kwamba muziki wa Afrika ukivuka kwenda kupigwa katika kumbi za ng’ambo hupoteza asili yake, na hoja yao si ya kupuuzwa. Nyumbani ngoma huchezwa katika duara, na anayetazama huingia kati akatoka. Kule watu wameketi safu kwa safu katika viti, uso mmoja kuelekea jukwaani. Nyumbani ngoma huendelea hata alfajiri. Kule mwenye ukumbi amempa kila mpigaji dakika zake. Hayo ni kweli. Lakini asili ipi hasa inayodaiwa kupotea? Highlife yenyewe ni ndoa ya ngoma za pwani ya Ghana na matarumbeta ya jeshi na magitaa ya mabaharia. Kwela ni ndoa ya bati la Ulaya, swing ya Marekani na sauti za Alexandra. Na sisi tulio watu wa bahari tusisahau kwamba Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 ili taarabu ya Kiswahili inaswe katika santuri, wala hatukusikia mtu wa Unguja akilalamika kwamba alirudi na wimbo usio wake. Kipimo changu ni kingine: je, aliyeupeleka muziki ng’ambo alikuwa bado anawasikiliza wenzake, au alikuwa anaisikiliza hadhira tu? Kwa kipimo hicho Masekela na Hedzoleh wamepita.

Ushirika wao haukudumu. Kundi lilivunjika kule kule ng’ambo, baadhi ya wapigaji wakajitenga, na wengine, Stanley Todd na Asante wakiwa miongoni mwao, wakabaki na Masekela katika kundi jipya lililoitwa Ojah. Katika kipindi hicho alijiunga nao Orlando Julius Ekemode wa Nigeria, mpiga saksafoni ambaye tangu miaka ya 1960 alikuwa akichanganya highlife na muziki wa soul, na ambaye alishiriki kutunga “The Boy’s Doin’ It”, wimbo uliobeba jina la santuri ya 1975 iliyotolewa kwa heshima ya Fela. Hata hivyo jina lililokuwa kubwa kwenye majalada na kwenye matangazo ya kumbi lilikuwa moja, la Hugh Masekela. Sisemi kwamba aliwadhulumu. Ni yeye aliyewaita kwa jina lao katika santuri ya kwanza, jambo ambalo si kila nyota angelifanya. Nasema tu kwamba biashara ya muziki hupenda uso mmoja, na mpiga kengele husahauliwa. Kama vijana wa “Tom Hark” walivyopotea nyuma ya jina la mtayarishaji, ndivyo Nortey, Morton na Welbeck walivyopotea nyuma ya jina la tarumbeta, na ndiyo sababu nimewataja mmoja mmoja.

Kinyume cha safari hiyo kilitokea katika mwaka wa 1974. Masekela na Levine, ambao kwa wakati huo walikwisha kuziona pande zote mbili za bahari, waliandaa tamasha la siku tatu mjini Kinshasa, tarehe 22 hadi 24 Septemba, liende sambamba na pigano la ngumi la Muhammad Ali na George Foreman. Foreman aliumia jichoni wakati wa mazoezi, pigano likaahirishwa hadi tarehe 30 Oktoba, lakini tamasha halikungoja. James Brown, B. B. King, Bill Withers na Celia Cruz walipanda jukwaa moja na Makeba, Franco na Tabu Ley. Wamarekani walikuja kupiga mbele ya Waafrika, na wasikilizaji wa Kinshasa, waliokuwa na rumba yao isiyotetereka, waliwapokea kama ndugu waliorudi na habari.

Alexandra ilitoa mwingine aliyeifikisha Afrika ya Magharibi masikioni mwa Wamarekani, ingawa si kwa jukwaa bali kwa televisheni. Caiphus Semenya, aliyezaliwa Alexandra mwaka 1939 na kwenda Marekani katika miaka ya 1960, alifanya kazi na Quincy Jones katika muziki wa “Roots”, mchezo ulioonyeshwa mwaka 1977 juu ya kizazi cha mtu aliyetekwa Gambia, na mkewe Letta Mbulu akaimba humo. Mtaalamu wa muziki wa Wamandinka angeweza kulalamika kwamba sauti hizo zina zaidi ya Johannesburg kuliko ya mto Gambia, na asingekosea. Mamilioni ya watu waliokuwa wakiona kwa mara ya kwanza mwanzo wa utumwa wao hawakuuliza hivyo.

Masekela alirudi kwao mwaka 1990, baada ya miaka thelathini, akaendelea kupiga “Stimela” Afrika Kusini na ng’ambo hata alipokaribia kufa, tarehe 23 Januari 2018. Aaron Lerole, yule wa “Tom Hark”, hakuwa amehama. Alipita katika miaka ya filimbi, kisha ya muziki wa mbaqanga, ambamo sauti yake nzito ya kukoroma ilimpa jina la Big Voice Jack na ikafungua njia ambayo Mahlathini, mwana mwingine wa Alexandra, aliifanya kuwa mashuhuri duniani. Kisha akapita katika miaka mirefu ya kusahauliwa. Mwaka 1998 Dave Matthews, mwanamuziki mzaliwa wa Johannesburg aliyekuwa akijaza viwanja vya michezo Marekani, alimwita jukwaani, na mzee akapanda mbele ya umati huo akiwa na chombo kile kile cha bati chenye matundu sita, akakigeuza pembeni mwa kinywa, akainamisha kichwa, akapiga. Alifariki mwaka 2003. Wimbo wake bado unapigwa viwanjani Uingereza timu inapofunga bao, na wengi wanaouimba hawajapata kulisikia jina lake.